Daraja la kimbunga mnaliandika, daraja la Somanga je?

Ndugu Mhariri,

Salamu kwanza na poleni na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalinunua pale Mbagala Rangi Tatu kila nikisubiri gari la kusini, biashara yangu ni samaki wakavu, natoa Kilwa Kivinje nauza Dar, kwa hiyo hii barua msiichukulie kama ugomvi, ni dukuduku tu nimelikalia muda mrefu na sasa limenichosha.

Juzi mmeandika habari ya kimbunga kilichokuwa huko baharini upande wa Madagaska. Kichwa cha habari kikubwa, "daraja la nne", kilomita zaidi ya mia mbili kwa saa, picha ya wingu la duara lenye tundu katikati, basi. Nimesoma mpaka mstari wa mwisho natafuta mvua itaangukia wapi, natafuta bahari itajaa kiasi gani, hamna kitu. Na pembeni yangu jamaa mmoja wa wale wanaosoma vichwa vya habari bure (nyie mnawajua, hawanunui, wanasoma wamesimama) akacheka akasema hao nao, si walitwambia Jobo anakuja, mbona hakuja. Kibanda kizima kicheko. Hapo ndo nikaona niandike, maana yule jamaa amekosea lakini nyie ndo mmemkosesha.

Nianze na huyo Jobo basi. Aprili 2021 Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kwamba kuna kimbunga kinaitwa Jobo kinaelekea pwani yetu, wavuvi wakavuta vyombo juu, watu wakanunua mishumaa, kikafifia baharini, kilichotufikia ni mabaki tu. Magrupu ya WhatsApp yakajaa vichekesho. Sasa kufifia kule sio kwamba tulidanganywa, ndo tabia ya vimbunga vikisogea huku kwetu na ina sababu zake, na ukizijua sababu zenyewe unaacha kucheka, kwa sababu unaona kabisa kwamba tunaponea chupuchupu tu, hakuna aliyetuandikia hati ya kupona.

Kimbunga chakula chake ni maji ya moto. Wataalamu wanasema bahari inatakiwa ifike kama nyuzi 26 na nusu, tena sio juu juu, joto lishuke mpaka mita 50 hivi, na bahari yetu mwezi wa tatu na wa nne inapita hapo bila shida, muulize yeyote anayeoga baharini wakati huo. Mvuke unapanda, ukifika juu kwenye baridi unageuka matone ya mvua, na ukigeuka matone unaachia lile joto ulilobeba kutoka chini, hewa inapata moto inazidi kupanda, chini panabaki pengo, hewa ya pembeni inakimbilia kulijaza na yenyewe inakuja na mvuke wake, mchezo unaanza upya. Yani ni kama jiko la mkaa linalojipepea lenyewe. Ndo maana kikipanda nchi kavu au kikiingia kwenye maji ya baridi kinazimika, mkaa umeisha.

Lakini kupanda hewa peke yake hakutoshi, lazima izunguke, na anayeizungusha ni dunia yenyewe kwa kujizungusha kwake, kusini mwa Ikweta inazunguka kama mishale ya saa, kaskazini kinyume chake. Ukikaribia Ikweta huo mpindo unakuwa haupo, hewa inaingia moja kwa moja inajaza pengo, imeisha. Kwa hiyo ndani ya nyuzi kama tano kutoka Ikweta vimbunga ni nadra mno. Mombasa ipo kwenye nyuzi ya nne, Dar karibu ya saba, Mtwara ya kumi na ushee. Unaona wenyewe nani ana kinga na nani kaachwa nusu nje. Juu ya hapo Madagaska imekaa pale mbele kama ukuta wa uani, vinavyotoka mashariki vingi vinaishia kwao, na upepo wa juu ukivuma huku na wa chini ukivuma kule kimbunga kinakatwa kichwa hakijasimama vizuri. Hizo ndo kinga zetu, Mhariri, jiografia na bahati. Hatujajenga hata moja.

Kuna na tatizo la neno lenyewe. Sisi tumekua tukiita kimbunga kile kiupepo cha vumbi kinachozunguka uwanjani saa saba mchana kikabeba makaratasi na majani, chamchela wengine wanasema, watoto tunakikimbilia tuingie katikati. Halafu neno hilohilo ndo tunaita kitu chenye upana wa kilomita mamia, ambacho Marekani wanaita harikeni na Japani taifuni, jina tu linabadilika bahari kwa bahari, mnyama ni mmoja. Mzee wa kijijini ukimwambia "kimbunga kinakuja" anawaza vumbi uwanjani. Sijui dawa yake ni nini, neno lingine sina, tufani na dhoruba nazo watu wanazitumia kwa kila mvua yenye radi, ila angalau mkiandika semeni ukubwa wake, semeni kinaanzia Mafia kinaishia Mtwara, mtu aone.

Sasa tuje kwenye daraja. Hilo daraja la 1 mpaka la 5 mnalolipenda ni kipimo cha Wamarekani, kimebuniwa na Herbert Saffir aliyekuwa injinia na Robert Simpson mtaalamu wa hali ya hewa, kikaanza kutumika miaka ya 1970. La 1 linaanzia kilomita 119 kwa saa, la 3 linaanzia 178, la 5 ni 252 kwenda juu. Huku kwetu vimbunga vinasimamiwa na kituo kilichopo kisiwa cha Réunion, kwa Wafaransa, na wao hawana namba, wana majina: dhoruba ya wastani inaanzia kilomita 63, dhoruba kali 89, kimbunga 118, kimbunga kikali 166, ukipita 212 ndo kimbunga kikali sana. Na hata kupima hawapimi sawa, Wamarekani wanachukua wastani wa upepo wa dakika 1, Réunion wastani wa dakika 10, na huo wa dakika 10 siku zote unatoka mdogo. Kwa hiyo kimbunga kilekile asubuhi kwenye redio ya nje kina namba kubwa, jioni kwenye taarifa yetu kina namba ndogo, msomaji anasema kimepungua, kumbe hakijapungua chochote, ni rula mbili. Mkichanganya hizo rula kwenye habari moja kama mlivyofanya juzi mnatuchanganya na sisi.

Sikatai kwamba namba ina maana. Upepo ukiongezeka mara mbili nguvu inayosukuma ukuta inaongezeka mara nne, kwa hiyo kutoka 100 mpaka 200 sio mchezo. Lakini namba ni ya upepo tu! Haisemi mvua, haisemi bahari. Na kwenye ukanda huu kinachotumaliza zaidi ni maji.

Ngoja niwape ninalolijua kwa macho yangu. Ijumaa tarehe 3 Mei 2024 nilikuwa Kivinje kwa mjomba wangu, nahodha wa zamani, amestaafu ila mashua anayo. Nina magunia kumi na moja ya ng'onda, ndo hao samaki wakavu, yamefungwa tayari, gari Jumapili alfajiri. Taarifa ya kimbunga Hidaya imeshatoka (jina lenyewe hilo, hidaya si zawadi, lilikuwa la nane kwenye orodha ya msimu ule, majina yanapendekezwa na nchi za ukanda huu na yanakwenda kwa alfabeti, kwa hiyo hakuna aliyetukejeli). Mjomba anavuta mashua kuipandisha juu kabisa kwenye minazi, ameita vijana sita, na mimi ndani. Nikamwambia mjomba, si kitafifia tu kama kile kingine? Akaniambia, "Kikififia nitaishusha keshokutwa, nitakuwa nimepoteza nini? Vuta kamba." Tukavuta. Akaifunga kwenye minazi miwili, kamba mbele na nyuma, halafu akasimama anaangalia maji muda mrefu. Akasema ahsante Mungu haya ni maji mafu, bamvua bado siku kadhaa. Sikumwelewa wakati ule.

Nimekuja kumwelewa baadaye. Maji mafu ni zile siku bahari haijai sana, bamvua ni zile za mwezi kuandama na mwezi mpevu, bahari inajaa kuliko kawaida. Kimbunga kinasukuma bahari mbele yake inakuja kama sakafu nzima imeinuliwa, sio wimbi moja moja unaloweza kulihesabu, na maji hayo yanapanda juu ya yale yaliyopo. Kikikukuta wakati wa maji mafu una nafasi, kikikukuta usiku wa bamvua maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi, hesabu nyingine kabisa, kimbunga kilekile, upepo uleule, namba ileile. Mjomba hakuwa na namba yoyote. Alikuwa anahesabu mwezi.

Jumamosi usiku tarehe 4 ndo kilifika, kilishapoteza nguvu, kilipanda kisiwani Mafia na kumalizikia huko huko upande wetu. Kwa rula ya Réunion kilishafikia hadhi ya kimbunga kamili kikiwa baharini, kilipofika hakikuwa tena kile. Sasa hicho "kilichopoteza nguvu" ndo kilichonikalisha usiku kucha nimeshika boriti. Mvua ilikuwa haidondoki, inakuja ya ubavu, inaingia chini ya bati na juu ya mlango, bati la jirani lilitoka na misumari yake tukalikuta asubuhi limekaa juu ya mwembe kama mtu amelianika. Mashua ilikuwa salama. Magunia yangu kumi na moja yote maji. Ng'onda akilowa umekwisha, hata ukimwanika tena anatoa harufu, mteja wa Dar anakijua hicho kitu kabla hujafungua gunia. Upepo haukunichukulia hata samaki mmoja, Mhariri, ni maji ndo yaliyonitia hasara.

Redio wanasema Hidaya haipo tena, imeisha, watu waendelee na shughuli zao. Sawa, mimi naendelea na shughuli zangu, nafika stendi naambiwa hakuna gari, barabara imekatika Somanga. Ardhi ilishalowa tangu mvua za nyuma, Rufiji ilikuwa imeshafurika tangu mwezi wa nne, hii mvua ya Hidaya ikaja juu yake haikuwa na pa kuingia, ikatafuta njia kwenye makalvati, makalvati madogo, ikapita na tuta zima. Nilipofika pale kwa bodaboda nikakuta lami imebaki inaning'inia hewani kama mkeka uliotandikwa ukavuka ukingo wa baraza, chini yake hamna kitu, maji ya udongo yanapita yanavuma, na huku na huku foleni ya malori, tenga za kuku, mama mmoja na mgonjwa wake ndani ya Noah. Lindi na Mtwara zikakatwa na Dar. Wenye pesa na haraka wakawa wanazunguka Masasi, Tunduru, Songea, yani uzunguke nusu ya nchi kufika Mbagala. Nauli niliyokuwa nimeshalipa haikurudi mpaka leo, nayo nimeiweka kwenye hesabu ya kimbunga.

Unaelewa sasa ninachosema na daraja? Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili, daraja la upepo na daraja la barabarani, na nyie mmeng'ang'ania hilo la upepo.

Na sio sisi tu. Kimbunga Freddy wa 2023 alizaliwa huko karibu na Australia mwezi wa pili, akavuka Bahari ya Hindi nzima, akapiga Madagaska na Msumbiji na kurudi tena, siku 36, Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeshathibitisha hakuna kimbunga kilichowahi kuishi muda mrefu hivyo. Sasa nani aliumia zaidi? Malawi, nchi isiyo na bahari! Kule Blantyre upepo ulishakuwa sio habari tena, ikawa mvua siku baada ya siku, vilima vikameguka na nyumba zikiwa juu yake, waliokufa na wasioonekana wakapita elfu moja. Ukifuata kichwa cha habari chenu Freddy alipofika Malawi alikuwa sio habari, daraja limeisha.

Idai vilevile, Machi 2019, alianza kama mvua kubwa tu Msumbiji na Malawi, akarudi baharini akala maji ya moto, usiku wa kuamkia tarehe 15 akaingia Beira kimbunga kizima, bahari ikaingia mjini, halafu mito ya Buzi na Pungwe ikashuka na maji ya milimani ikakutana nayo huko chini, ukiangalia picha za satelaiti unaona ziwa pale penye mashamba, watu wako juu ya miti na mapaa wanasubiri helikopta. Kwa nchi tatu, Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, waliokufa walizidi elfu moja. Wiki sita baadaye Kenneth, tarehe 25 Aprili, huyu ndo alitugusa, Mtwara walifunga shule na watu wakaambiwa wahame mabondeni, akageuka kidogo akaingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Kidogo tu. Waliokuwa Mtwara siku ile walirudi nyumbani wakicheka, na ng'ambo ya Ruvuma Wamwani wa kisiwa cha Ibo, watu ambao ukiwasikia wanaongea unadhani ni binamu zako wa Kilwa, karibu nyumba zao zote zimeezuliwa. Desemba 2024 ikawa zamu ya kisiwa cha Mayotte, kimbunga chenyewe kinaitwa Chido, vibanda vya bati mlimani vikafutika, kesho yake hukohuko Cabo Delgado tena.

Mtu ataniambia hayo ni ya Msumbiji, sisi haituhusu. Basi aende Unguja. Tarehe 15 Aprili 1872, Sayyid Barghash yupo kwenye kiti, kimbunga kikapita kisiwani kikang'oa mikarafuu na minazi, merikebu za Sultani zikazama bandarini. Pemba, pale jirani, ikasalimika. Mkarafuu ukiupanda unausubiri miaka sita saba ndo uone cha kuchuma, kwa hiyo tangu hapo Pemba ndo ikawa nchi ya karafuu mpaka tunavyoongea leo, karafuu ikiwa nyingi Pemba watu wanasema ni udongo, ni kweli ni udongo, ila ni na siku moja ya Aprili. Upepo wa siku moja umehamisha uchumi kutoka kisiwa kwenda kisiwa. Halafu Aprili 1952 kikapiga Lindi, watu wakafa. Angalieni miezi: Aprili, Aprili, Kenneth Aprili, Jobo Aprili, Hidaya mwanzo wa Mei. Yani sisi vinatujia mwishoni mwa msimu, kaskazi imekwisha kusi haijakamata sawasawa, katikati ya masika, ardhi imeshashiba maji. Hiyo peke yake ilitosha kuwa habari ya ukurasa wa mbele kila mwisho wa Machi na sijawahi kuiona.

Na mikoko. Mikoko inavunja maji kabla hayajafika kwako, pale delta ya Rufiji tuna msitu wa mikoko ambao Afrika Mashariki hakuna wa kuufikia, na kila nikipita naona boriti zimepangwa barabarani zinasubiri lori. Siwezi kumlaumu mkataji, boriti niliyoishika usiku ule nayo ilikuwa ya mkoko. Nasema tu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Msimu ujao taarifa ikitoka, ile namba ya upepo iwekeni, lakini chini yake mtuandikie mvua inategemewa wapi hata kule mbali na bahari, mito gani tayari imejaa, barabara ipi ilikatika mara ya mwisho na kama kalvati lake limeongezwa ukubwa au limerudishiwa lilelile, mtumeni mwandishi akalipime, nauli ya Somanga sio kubwa. Na mtuandikie mwezi wa angani una siku ngapi tangu uandame. Kama nafasi ni finyu toeni ile picha ya wingu, sisi wingu tunaliona tukitoka nje, mahali pake wekeni saa za maji kujaa Kilwa, Mafia na Mtwara kwa siku tatu. Mkifanya hivyo mjomba naye ataanza kununua gazeti, saa hizi anasema halina kitu.

Wenu,
Mfanyabiashara wa ng'onda,
Mbagala, Dar es Salaam